Ataacha Lini Dozi?

Msibani, harusini, hata kwenye benchi la saluni, mtu akishajua kwamba nimefanya kazi dirisha la methadoni, dawa ya waraibu wa heroini, huniuliza mambo mawili. La kwanza ni kama siogopi. La pili huja baadaye, kwa sauti ya chini, na mara nyingi muulizaji ana mdogo wake au mtoto wa shangazi yake anayemfikiria: "Sasa hiyo dozi ataacha lini?" La kwanza nalijibu upesi. Siogopi, na matusi makubwa niliyowahi kutukanwa kazini yalitoka kwa mzee mwenye suti aliyeambiwa dawa yake ya presha haimo kwenye bima. La pili limenisumbua miaka, na kila nikilijibu naona uso wa muulizaji unanywea, maana alitaka tarehe na mimi tarehe sina.

Nimekulia Magomeni, kwa hiyo unga, yaani heroini, niliujua kabla sijajua famasi ni nini. Miaka ya tisini vijana wa mtaani kwetu walikuwa wanauvuta tu, wakiuchanganya na bangi au kuuchoma juu ya karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara. Kuelekea mwaka 2000 ukaanza kuzagaa ule mweupe, unaoyeyuka kwenye maji bila shida, na sindano ikaja nao. Kaka wa jirani yetu, fundi redio hodari, aliuza kwanza redio za watu, kisha bisibisi zake, kisha mabati ya banda la kuku la mama yake. Kuku wakahamia jikoni. Watu walisimulia hilo la kuku kama kichekesho, nami nililicheka, ila mama yake hakuwahi kulisimulia.

Mwaka 2005 watafiti waliokuwa Dar es Salaam waliandika jambo lililoshtua wengi. Baadhi ya wanawake waliojidunga walikuwa na desturi ya kusaidiana: mwenye hela akishajidunga huvuta damu yake ikajaa kwenye bomba, akampa mwenzake asiye na hela aidunge, wakiamini ina mabaki ya unga ya kutosha kumtuliza. Kitabibu hakuna cha kutuliza mle. Kinachopita kwa uhakika ni VVU na homa ya ini. Walioisoma habari ile waliona unyama. Mimi niliona wanawake wanaooneana huruma na hawana kingine cha kupeana.

Maana kinachotulizwa ni arosto, na asiyewahi kuiona arosto hudhani ni hamu tu. Ni ugonjwa kamili: machozi na makamasi, miayo isiyoisha, vinyweleo kusimama, tumbo kusokota na kuhara, mifupa kuuma, miguu isiyotulia kitandani usiku kucha. Huanza ndani ya muda wa saa 8 hadi 12 tangu kete ya mwisho. Ni nadra imuue mtu mzima asiye na ugonjwa mwingine, ila humwondolea kila wazo lililo kichwani isipokuwa moja. Ukiielewa hiyo, utaelewa kwa nini mtu anauza bisibisi zinazomlisha.

Februari 2011 Muhimbili walianza kutoa methadoni bure kila siku. Afrika kusini mwa Sahara hakukuwa na mpango wa serikali wa namna hiyo, ukiacha visiwani kama Mauritius. Mwananyamala wakafuata mwaka 2012, kisha Temeke. Kenya ikaanza na Mathari jijini Nairobi, Desemba 2014, ikashuka Malindi na Mombasa; Zanzibar ikafungua Kidongo Chekundu mwaka 2015. Kliniki niliyofanyia kazi ni mojawapo ya hizo za Dar es Salaam, na siitaji kwa sababu wanaokuja pale wana majirani.

Dawa yenyewe ni ya zamani kuliko wazazi wangu. Ilitengenezwa Ujerumani mwishoni mwa miaka ya 1930 kwa ajili ya maumivu. Mwaka 1964 Vincent Dole na Marie Nyswander, madaktari wa New York, wakaanza kuwapa waraibu wa heroini kila siku, na kilichowashangaza ni kwamba watu wale waliacha kuzungumzia heroini, wakaanza kuzungumzia shule na kazi. Heroini hupanda kwa dakika na kushuka kwa saa chache, ndiyo maana mtu hujidunga mara tatu au nne kwa siku. Methadoni ya kunywa hupanda polepole na kukaa mwilini siku nzima na zaidi. Hukaa kwenye siti ileile ya ubongo ambayo unga ungekaa, tena haishuki kituo cha karibu. Unga ukija unakuta siti ina mtu, unabaki unaning'inia mlangoni. Aliyefika kwenye dozi yake halewi. Anakunywa, anafuta mdomo, anauliza Simba wametoka ngapi.

Kufika kwenye dozi hiyo ndiyo shughuli. Siku ya kwanza hatuzidishi miligramu 30, hata mtu alie, kwa sababu methadoni hujilundika: dozi ya leo inaikuta ya jana haijatoka, ya kesho itazikuta zote mbili, na mwili unahitaji siku kama tano kujua hasa umebeba kiasi gani. Wiki mbili za mwanzo ndizo za hatari kuliko zote. Kwa hiyo unapandishwa kidogo kidogo mpaka ufike mahali ambapo huna arosto na husinzii, kwa wengi kati ya miligramu 60 na 120. Njiani humo mtu bado arosto inamshika jioni, bado anapita maskani, bado anajidunga. Hapo ndipo ndugu hukata tamaa. "Si mmeshampa dawa? Mbona bado?" Wengine huacha kumpa nauli wiki hiyohiyo, yaani wiki ambayo nauli ndiyo tiba.

Dirishani mambo ni machache na hayabadiliki. Anataja namba yake, naangalia picha, naangalia macho. Mboni zikiwa zimebana mno, kuna kitu kimetangulia. Namtazama kama anayumba. Napima dawa kwenye kikombe, naongeza maji, anakunywa mbele yangu, kisha ni lazima aongee. "Umekula? Mtoto amepona?" Aliyeficha dawa mdomoni haongei vizuri, na dawa iliyotemwa kichupani ina bei mtaani. Mwanzoni nilikuwa nawasemesha kwa sababu mwongozo unataka. Baadaye nilikuwa nimeshajua majina ya watoto, nikawa nauliza kweli.

Kulikuwa na mzee mmoja, mvi kichwa kizima, baharia wa zamani. Siku yake ya kwanza nilimwambia shikamoo, kama ninavyomwambia mzee yeyote. Akageuka nyuma kutazama anayeamkiwa ni nani. Foleni nzima ikacheka, naye akacheka, akaitikia marahaba. Tangu hapo, nikizidiwa na watu nikasahau kumwamkia, anashika kikombe hanywi, ananitazama tu mpaka nikumbuke.

Jambo ambalo kwenye mafunzo hatukufundishwa ni mchana. Tulifundishwa miligramu, ini, figo, mapigo ya moyo. Hakuna aliyetuambia kwamba teja ni mtu mwenye kazi nyingi kuliko wafanyakazi wengi wa ofisini. Anaamka na arosto, anakwenda kupiga debe kituoni au kuokota vyuma chakavu au kuosha magari au kuiba, anapata hela, anamtafuta pusha, anatafuta kichochoro cha kujidungia, anapumzika kidogo, na kabla ya adhuhuri safari inaanza upya. Kila saa ina jambo lake. Dozi ikishashika, ratiba yote hiyo inafutwa saa mbili asubuhi. "Dokta, siku ni ndefu," kijana mmoja aliniambia. Mimi si daktari, lakini dirishani kila aliyevaa koti jeupe ni dokta. Alilisema kwa mshangao, hakuwa analalamika. Alikuwa hajawahi kuwa macho, mzima, hana hela na hana pa kwenda, tangu akiwa kidato cha pili.

Wengine walibaki kwenye ua wa kliniki wakicheza drafti hadi walinzi wawafukuze. Wengine walirudi maskani, si kwa unga, kwa watu. Ndiko walikokuwa na watu. Nyumbani funguo hazikabidhiwi mtu aliyewahi kuuza mabati. Niliona vijana waliofika dozi vizuri kabisa wakipotea mwezi wa tatu au wa nne, na walipoulizwa jibu lilikuwa lilelile: nilikuwa sina cha kufanya. Na niliona wengine, wenye historia mbaya zaidi, wanabaki kwa sababu shemeji alimpa toroli la kubebea maji, au fundi wa pikipiki alimkubali awe anasafisha vipuri. Baada ya miaka kadhaa nilikuwa naweza kubashiri kwa kuuliza tu, "Ukitoka hapa unaelekea wapi?" Mwenye jibu, alirudi kesho yake. Methadoni huwarudishia mchana wao, na hiyo si kazi ndogo, ila cha kuweka ndani ya mchana huo hakitoki famasi.

Nauli nayo ilikuwa sehemu ya matibabu isiyoandikwa kwenye faili. Mwaka 2014 daladala ya mwendo mfupi ilikuwa shilingi 400. Anayepanda mbili kuja na mbili kurudi anahitaji 1,600 kila siku, Jumapili na Idi na Krismasi, ili akanywe dawa ya bure. Hesabu hiyo mtu asiye na kazi anaitimiza vipi? Wengi walitembea. Walitoka Mbagala usiku bado, wakafika jasho linawatoka, na methadoni yenyewe ni dawa ya kutoa jasho. Basi wakati mtu wa kituo cha basi anamkwepa kwa kudhani ametoka kujidunga, yeye ametoka kutibiwa.

Kisa ninachokisimulia zaidi ni cha fundi seremala mmoja. Alikuwa ametulia kwa miligramu 90, anatengeneza vitanda vya watoto, ameanza hata kunenepa. Asubuhi moja akafika ana miayo na makamasi. "Dozi haishiki." Tukamwambia asubiri daktari. Kesho yake hali ileile, keshokutwa mbaya zaidi, na siku hiyo alifuatana na mama yake, mwanamke wa Kizaramo mwenye sauti ya kusikika ng'ambo ya barabara. Mama alikuwa na ushahidi. "Amerudia huyu! Mkojo wake wa rangi ya Fanta, mimi nimeuona kwa macho yangu chooni. Wanachanganya madude gani siku hizi?" Kijana aliinamisha kichwa. Foleni ikanyamaza, kwa sababu kila mmoja pale alishawahi kushtakiwa hivyo, na mara nyingi kwa haki.

Akapimwa mkojo. Heroini hakuna. Mama hakuamini kipimo. Nesi wetu mmoja, mtu wa maneno machache, ndiye aliyeuliza, "Hiyo rangi ya Fanta ilianza lini?" Kumbe wiki mbili nyuma, kwenye kituo kingine cha afya, kijana alikuwa amegundulika ana kifua kikuu na kuanzishiwa dawa. Moja ya dawa hizo, rifampisini, hutia mkojo rangi ya machungwa. Ndiyo hiyohiyo huliamsha ini likaanza kuivunja methadoni kwa kasi, kiasi kwamba miligramu 90 za dirishani zinageuka nusu yake au chini zikifika kwenye damu. Kituo kile hakikujua anakunywa methadoni, naye hakusema, kwa sababu kule alitaka awe mgonjwa wa kifua tu, walau mahali pamoja duniani.

Daktari akampandisha ngazi kwa ngazi hadi karibu mara mbili ya dozi yake. Akatulia. Kadi yake ikapigwa mstari mwekundu kwa ajili ya upande wa pili wa jambo hilo: dawa za kifua kikuu huchukua miezi 6, na zikiisha ini hurudi kwenye mwendo wake wa kawaida ndani ya wiki chache. Dozi kubwa iliyomtosha wakati ule inaweza kumkata pumzi. Akashushwa taratibu, kwa kalenda. Dawa za VVU za enzi zile, nevirapini na efavirenzi, nazo zilikuwa na mchezo huo. Tangu hapo mtu akiniambia dozi haishiki, swali langu la kwanza ni umeanza dawa gani nyingine. Mama yule hakusema samahani. Alikuja siku moja na chapati na supu kwenye chupa ya chai, akasimama juu ya kichwa cha mwanawe pale kwenye benchi mpaka akamaliza yote.

Wanawake walikuwa wachache kwenye foleni yetu, na hilo halikuwa kwa sababu hawatumii. Anayefanya kazi ya gesti usiku hawezi kuwahi dirisha la asubuhi. Anayeishi na mwanaume anayemnunulia kete ana mtu asiyependa apone. Waliofika walikutana na jambo lingine ambalo wanaume hawalijui. Unga huvuruga hedhi. Kuna waliokuwa hawajaiona kwa miaka wakajihesabu tasa. Methadoni ikishatuliza mwili, mayai huanza tena kupevuka, wakati mwingine kabla hata damu haijarudi. Kwa hiyo tulianza kuongea uzazi wa mpango dirishani, kupitia wavu, huku foleni ikijifanya haisikii.

Aliyepata mimba alikutana na ushauri kutoka kila upande: acha dozi, utamuua mtoto. Hata hospitali. Mmoja wa wanawake wetu alifukuzwa wodini na nesi aliyemwambia arudi akiwa msafi. Ushauri huo ni wa hatari. Mama akipata arosto, na aliye tumboni anaipata, na mimba inaweza kutoka. Kinachotakiwa ni kuendelea na methadoni, mara nyingine kuiongeza miezi ya mwisho, kisha mtoto akizaliwa aangaliwe siku kadhaa kama atatetemeka au kulia bila kunyamaza. Akiwa hivyo anatibika. Kunyonyesha ruksa. Kuna mtoto wa kike anasoma shule ya msingi sasa hivi ambaye mama yake alikunywa dozi asubuhi ya siku aliyomzaa. Darasani wanamwita mwalimu, kwa sababu ya ubishi.

Kitu kilichonifanya nimnyime mtu kikombe ni pombe. Mpaka serikali ilipopiga marufuku viroba vya pombe kali tarehe 1 Machi 2017, vilikuwa vinauzwa kila kibanda, vya bei ya sarafu, na mtu aliyezoea kuwa na shughuli sita kwa siku alikuwa na mchana mzima wa kuvimalizia. Methadoni, pombe na vidonge vya usingizi vikikutana, pumzi hupungua mtu akiwa amelala, na aliye chumba cha pili anadhani anakoroma. Kwa hiyo anayenuka alipulizishwa kipimo, na kikisoma juu harudi dirishani mpaka kishuke. Nimetukanwa kwa hilo, nimeapiziwa, na mmoja alikaa chini mbele ya dirisha akalia. Alikuwa mlevi na ana arosto kwa wakati mmoja. Sijapata kuona mtu mwenye hali ngumu kuliko hiyo.

Tena pombe haina methadoni yake. Kuna naltreksoni, ambayo hupunguza raha na hamu ya kunywa, lakini huziba siti zilezile za ubongo nilizozitaja; ukimpa anayekunywa methadoni unamtumbukiza kwenye arosto kali ndani ya dakika. Kuna akamprosati, ambayo sisi hatukuwa nayo. Na kuna disulfiramu, iliyogunduliwa kazi yake Denmark, pale Jens Hald na Erik Jacobsen, waliokuwa wanaichunguza kama dawa ya minyoo, walipoimeza wenyewe na kuona kila wakigusa pombe wanaiva uso na kutapika. Waliitangaza mwaka 1948. Wake za watu walinifuata nyumbani wakitaka hiyo hiyo wamtilie mume kwenye chai. Nilikataa kila mara. Mtu asiyejua ameinywa, akashushia chupa nzima, presha inaweza kuanguka na moyo ukafuata. Ni dawa ya anayetaka, na anayetaka huimeza mwenyewe.

Mjomba wangu mimi alikuwa mtu wa gongo, wa asubuhi hadi usiku. Siku alipoamua kuacha alitaka aache kiume: akajifungia chumbani na jagi la maji. Siku ya tatu mikono ilikuwa haishiki kikombe, anafukuza wadudu wasiokuwepo ukutani, kisha degedege. Kanisani waliomba, nami nilishukuru maombi na nikaita bajaji. Hospitali walimpa diazepamu na vitamini B1 ya sindano, akatoka hai. Watu wa mtaani wanaamini unga ndio unaoua ukiuacha ghafla na pombe ni suala la nia. Ni kinyume chake. Mnywaji wa kila siku anayetetemeka asubuhi asiachishwe chumbani.

Narudi kwenye lile swali la pili, ataacha lini. Nyuma yake kuna lingine ambalo muulizaji huona haya kulitamka: huu si ulevi mwingine tu, wa serikali? Wenzangu wengi hujibu kwa kutaja kisukari na insulini. Sijawahi kuupenda mfano huo. Mwenye kisukari hapangi foleni alfajiri kila siku ya maisha yake, wala haambiwi aongee baada ya kumeza. Mimi huwauliza: anaiba? Anajidunga? Analala nyumbani? Wakishajibu, swali la ulevi hupungua ukali wenyewe. Ramadhani ilikuwa na mjadala wake, maana dozi ya asubuhi inabatilisha saumu. Baadhi walifuata ruhusa ya mgonjwa, wakala mchana kwa kujificha. Baharia wangu alisema yeye ameshakosana na Mungu kwa makubwa zaidi, hili watalimaliza wenyewe.

Wapo walioacha dozi, na waliofanikiwa walishuka kwa miligramu chache chache, miezi mingi, wakiwa tayari na kazi na kitanda. Wapo pia walioachishwa. Mzee wa ukoo anatangaza kikaoni kwamba inatosha, au mtu anakamatwa na kukaa rumande wiki kadhaa, au anapelekwa soba hausi asikotakiwa kunywa chochote. Soba hausi zimewasaidia watu, nawajua. Ila mwili uliokaa bila heroini na bila methadoni husahau, na kete ileile aliyokuwa anaimudu zamani sasa inamuua. Wengi tuliowazika hawakufa wakati wanatumia sana. Walikufa wiki walizorudi. Naloksoni ingewaamsha, sindano moja au mbili kwenye msuli, lakini ilikuwa inakaa kwenye kabati la hospitali, na watu wanazidisha chooni na kwenye magofu. Ningekuwa na uwezo, kila mama wa teja angekuwa nayo kwenye kibeti.

Sababu moja tu ya kutaka kuacha sijawahi kuibishia, nayo ni safari. Miaka ya mwanzo kliniki zilikuwa Dar es Salaam peke yake kwa upande wa Bara. Baba akifariki Geita, mtoto aliye kwenye dozi alikuwa na mambo mawili: asimzike baba yake, au aende akazike na arosto, siku mbili basini kwenda na kurudi, matanga yenyewe siku tatu, akitapika nyuma ya nyumba huku wajomba wanasema mnamwona. Na akirudi amekosa siku tano au zaidi, anaanza chini upya. Mtu aliyeniambia, "Dozi imenifunga mguu," alikuwa amekosa mazishi mawili. Ningemjibu nini, kwamba mguu uliofungwa ni bora kuliko sindano? Alishajua.

Zilipofunguliwa kliniki Mbeya, Mwanza, Dodoma na Tanga, kazi yangu iliongezeka kitu kimoja nilichokipenda kuliko vyote, barua. Unaandika namba ya mtu, dozi yake, siku aliyokunywa mara ya mwisho, unapiga muhuri, kisha unapiga simu huko aendako ili barua isije ikawa imeghushiwa. Huyo wa mguu uliofungwa mama yake alipougua, nilimwandikia ya Mwanza, nikamfungia kwenye bahasha, nikamwambia asiikunje. Alipanda basi la alfajiri. Kesho yake saa nne asubuhi mtoa dawa wa Mwanza akanipigia, sauti ya mtu mwenye haraka na foleni mbele yake.

"Mtu wako amefika. Amekunywa. Sasa ananizibia dirisha hapa, anataka kujua basi za Geita zinapandiwa wapi."